Bwana Nyama Anapiga Hodi Kwangu

Mjomba wangu alifungwa kwa ajili ya kimoro. Kwa msomaji asiyetoka Mara, kimoro ni nyamapori iliyokaushwa, na katika vijiji vyetu vinavyopakana na Serengeti ilikuwa kitoweo kabla ya kuwa kosa. Nilikua nikijua wanyama ni wa aina mbili. Wapo wa baba, ng'ombe na mbuzi, wanaohesabiwa jioni wakirudi zizini. Na wapo wa serikali, wasio na idadi, wanaopita na kutulia majani, na ukimgusa mmoja wao bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, anakuja na gari. Jina hilo tu, bwana nyama, lilitosha kunyamazisha watoto jikoni wakati sufuria ipo motoni.

Leo mimi ni mfugaji wa elki katika jimbo la Minnesota, Marekani. Mkaguzi wa huku anakuja kila mwaka, anahesabu wanyama wangu mmoja mmoja, anatembea kando ya uzio, anasoma daftari langu, anasaini. Mimi moyoni namwita bwana nyama hadi leo, ingawa yeye anatoka Bodi ya Afya ya Wanyama ya jimbo. Ndugu na jamaa wameniuliza sana nilifikaje hapa, kila mmoja kwa simu yake na kwa vocha yangu, basi natoa ushuhuda huu mara moja kwa maandishi.

Elki ni jamaa ya kulungu, ila ni pandikizi la mnyama. Jike hufika kilo 225, dume hupita 320 bila shida. Pembe za dume huota matawi, huanguka zenyewe baridi inapoelekea kwisha, kisha huanza kuota upya mwaka huo huo, na wakati wa kuota huweza kurefuka zaidi ya sentimita mbili kwa siku. Sisi tuliozoea pembe za nyumbu, anayekufa na pembe zile zile alizoota utotoni, jambo hili linachukua muda kuliamini.

Nilikuja Minnesota kwa ndoa. Mume wangu, mtu wa Migori, aliendesha malori ya masafa marefu. Mimi nikapata kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huko nilimhudumia mama mmoja ambaye mumewe alikuja kila siku jioni kukaa naye, akinuka mazizi. Harufu hiyo naijua. Nikamuuliza, "Mzee, unafuga?" Akasema anafuga elki tangu miaka ya tisini mwanzoni. Sikuwa nimewahi kusikia. Tukazungumza mifugo usiku kucha mkewe akiwa amelala, na mwisho akatualika mimi na mume wangu tukaone.

Nilichokiona siku ile hakikunishangaza kwa ukubwa, nyati nimewaona. Kilichonishangaza ni hereni. Mnyama mwenye sura ya porini kabisa, macho ya porini, miguu ya kukimbia, amevishwa hereni mbili masikioni, namba zake zimeandikwa kwenye daftari, na daftari liko mezani kwa mzee. Nilisimama nje ya uzio nikimfikiria mjomba. Yale yaliyompeleka jela yangeweza kumbe kuwa karatasi, namba na ada?

Mume wangu aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba nimenyamaza kama mtu aliyetoka msibani. Nikamwambia nataka kufuga wale wanyama.

Hapa nisimame kidogo nisije nikaeleweka vibaya. Wapo watu wa nyumbani wanaodhani Marekani kila mtu anamiliki wanyama wa porini walio shambani kwake. Si kweli. Kulungu wa mkia mweupe wanaotembea huru Minnesota ni mali ya umma, na anayewaua nje ya msimu au bila leseni anashtakiwa kama kwetu. Wanakuja hadi kwenye mlango wangu wa jikoni kula maua, na siwezi kuwagusa. Walio wangu ni wale waliozaliwa ndani ya uzio, wenye ukoo ulioandikwa. Tofauti ya huku na kwetu si kwamba huku hakuna bwana nyama. Tofauti ni kwamba huku sheria iliweka mlango mapema kwa mtu wa kawaida, na ukipita mlango huo unafuatiliwa kuliko mwindaji.

Yule mzee hakunidanganya kuhusu fedha. Alianza zama ambazo ufugaji wa elki ulikuwa kichaa cha wote. Pembe changa, zile zinazokatwa zikiwa bado laini na zimefunikwa manyoya, zilikuwa zinakwenda Korea Kusini kwa dawa za jadi, na jike mwenye mimba aliuzwa kwa maelfu ya dola kwa mfugaji mwingine, ambaye naye alitarajia kumuuzia mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2000 Korea Kusini ikafunga mlango kwa bidhaa za elki za Amerika Kaskazini kwa sababu ya ugonjwa. Bei ikaanguka. Watu waliokuwa wamekopa benki wakabaki na kundi la wanyama wanaokula na hakuna anayewataka. Mzee alisalimika kwa sababu hakuwa na deni. Sharti lake la kuniuzia mitamba lilikuwa hilo hilo: nisikope.

Hata ningetaka kukopa, afisa wa benki niliyemwendea aliniangalia kwa huruma tu. Tulinunua ardhi kwa akiba ya miaka ya malori na zamu za usiku, ekari chache zenye mawe ambazo mkulima wa mahindi hakuzitaka.

Kisha uzio. Mtu akiniuliza nafuga nini, mara nyingine nasema nafuga uzio. Sheria inataka urefu wa inchi 96, yaani karibu mita mbili na nusu, pande zote, na geti lenye urefu huo huo. Nguzo lazima zizame chini sana, maana ardhi ya Minnesota huganda majira ya baridi, hufura, na nguzo isiyozama vizuri hutemwa juu. Waya wenyewe ni wa kufumwa, wenye matundu madogo chini ili ndama asipenye. Uzio ulitugharimu kuliko wanyama. Na haujengwi ukaisha. Dhoruba ya kiangazi inaangusha mti juu yake saa nane za usiku, na saa nane hiyo hiyo lazima utoke na tochi na msumeno, kwa sababu elki akitoka ni lazima serikali ijue, na kulungu wa porini akiingia ni balaa zaidi.

Baba alipiga simu uzio ulipokamilika.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita, jina ni la mama yake, "nasikia unafuga swala."

"Wanafanana na swala, baba. Ni wakubwa."

"Kwa kibali cha nani?"

"Kibali ninacho."

Alikaa kimya. Kisha akataka nimtumie. Nikapiga picha cheti cha usajili, nikakituma kwenye simu ya mpwa wangu, naye akaenda kukichapisha mjini Mugumu. Nilisikia baadaye kwamba baba aliichukua ile karatasi akaipeleka kwa mjomba, asiyejua neno la Kiingereza, akamsomea namba. Mjomba aliniuliza kwa simu kama bwana nyama anafika huko kwangu. Nikajibu anafika. "Na wewe unakimbilia wapi?" Nikamwambia namwekea chai.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa kufuga elki na kulungu wa mkia mweupe pamoja. Mume wangu aliwataka kulungu kwa sababu wanazaa mapacha mara kwa mara, na kwa sababu wapo wawindaji wanaolipa sana kwa dume mwenye pembe kubwa. Mzee alikataa katakata. Kulungu wa mkia mweupe hubeba mnyoo unaokaa kwenye utando wa ubongo wake bila kumdhuru. Viluwiluwi vya mnyoo huo hutoka pamoja na kinyesi, huingia kwa konokono, na elki akimeza konokono pamoja na majani, mnyoo unapotea njia mwilini mwake, unaharibu ubongo na uti wa mgongo. Mnyama anaanza kuzungukazunguka, anapepesuka, anaanguka. Kwa hiyo hata bila kufuga kulungu, kulungu wa porini wanaopita nje ya uzio ni hatari tosha. Nimeleta kanga, wale wale wa kwetu, wanaodonoa konokono kando ya waya tangu asubuhi. Sidai kwamba ni dawa. Ila nikisikia kelele zao kwenye nchi ya theluji nafurahi, na hiyo pia ina thamani yake.

Mlango wa kulungu ulifungwa kabisa mwaka 2023, Bunge la Minnesota lilipozuia usajili mpya wa mashamba ya kulungu wa mkia mweupe. Mume wangu alisikitika. Mimi sikusikitika.

Lilikuja pia suala la kondoo. Tuna wateja Waislamu, Wasomali na watu wa Pwani, na mume wangu aliona tukiwa na kondoo wachache kando ya zizi tutauza wakati wa Idi. Daktari wa mifugo akauliza kama bado tuna nia ya kuweka aina nyingine za kulungu. Tukasema labda. Akasema basi kondoo hapana: hubeba kirusi ambacho wao hakiwasumbui, lakini kulungu wa aina nyingi wakikipata hupata homa kali, macho na pua huharibika, hufa. Elki huvumilia zaidi, kulungu hawavumilii. Alianza kunieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto, nikamkatiza. Ugonjwa huo naufahamu. Wamasai, jirani zetu wa upande wa mashariki wa Serengeti, huondoa ng'ombe wao kwenye nyanda za majani mafupi nyumbu wanapozaa, kati ya Januari na Machi, kwa sababu ndama wa nyumbu huwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa jamii hiyo hiyo. Wanaacha malisho bora ya mwaka kwa hofu ya ndama. Daktari alivua miwani akaniomba nimweleze tena, pole pole, aandike. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Marekani mtu alitaka kujua kitu ambacho nilikuja nacho.

Lakini mengi niliyokuja nayo ilibidi niyaweke kando. Mtoto wa mfugaji wa Mara anajua fimbo, mluzi na jina la kila ng'ombe. Elki hachungwi. Ukimfuata anakimbia, na akikimbizwa sana, hasa kwenye joto, misuli yake huharibika kwa hofu na anaweza kufa siku kadhaa baadaye ukidhani ameshapona. Kumpima au kumvisha hereni kunafanyika kwenye njia nyembamba yenye kuta za mbao ndefu zisizo na upenyo wa kuona nje, gizagiza, na watu wanakaa kimya. Hakuna kupiga kelele. Mimi niliyelelewa kwamba mchungaji mzuri ni yule anayesikika kilima cha pili, nilijifunza kutikisa ndoo ya shayiri na kusubiri. Wanakuja wenyewe, wakitaka.

Septemba hata ndoo haifai. Madume hupiga mbinja ndefu kali inayosikika mbali sana usiku, hujimwagia mkojo na tope, hula kidogo sana. Dume uliyemlisha kwa mkono Julai anaweza kukutoboa tumbo. Mwezi huo siingii kwa miguu, wala simruhusu mgeni.

Majike hubeba mimba miezi minane na siku kadhaa, huzaa mwishoni mwa Mei na Juni, ndama mmoja wa kilo kama 15. Mama humficha kwenye majani marefu akaenda kula mbali, na ndama hatikisiki hata ukikanyaga karibu na sikio lake. Wageni wakimwona hudhani ametelekezwa. Namwacha pale pale. Wakati huo wa mwaka mimi na mume wangu tunatembea shambani tukitazama chini.

Nifike kwenye ule ugonjwa uliofanya Korea Kusini ifunge mlango, maana ndio unaotawala maisha yetu. Watafiti waliuona kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofungwa katika kituo cha utafiti huko Colorado. Walikonda tu, wakadhoofika, wakatoka mate, wakafa. Mwaka 1978 ndipo ikajulikana kwamba ubongo wao ulikuwa na matundu kama sifongo, ugonjwa wa ukoo mmoja na ule wa ng'ombe wazimu. Chanzo si bakteria wala kirusi. Ni prioni, protini iliyokunjika vibaya na kuzikunja nyingine. Hauna chanjo wala tiba. Mnyama anaweza kuubeba mwaka mmoja na zaidi akionekana mzima, na prioni hukaa kwenye udongo kwa miaka. Saskatchewan, Kanada, uliingia mashamba ya elki ukagunduliwa 1996. Minnesota ulionekana 2002, kwa elki wa kufugwa. Hadi sasa haijathibitika kwamba umewahi kumpata binadamu, ila wataalamu wa afya wanashauri nyama ya mnyama aliyegundulika nao isiliwe.

Wawindaji wanasema wafugaji ndio walioueneza. Wafugaji wanasema unatoka porini. Nimekaa kwenye mikutano ya pande zote mbili na nina maoni yangu, ambayo hayanipatii marafiki: porini upo, lakini lori huenda mbali kuliko kulungu. Korea Kusini yenyewe iliupata kupitia elki walionunuliwa Kanada. Kwa hiyo nilinunua kundi langu lote kwa yule mzee tu, ambaye miaka mingi hakuwa ameingiza mnyama kutoka nje, na mimi siuzi mnyama hai. Wananiita mwoga.

Mpango wa serikali kuu wa kuudhibiti ugonjwa huo, ulioanza 2012, unadai miaka mitano ya kufuatiliwa bila doa kabla kundi halijapewa cheti. Kila mnyama aliyefikisha miezi kumi na miwili akifa, kwa kisu, kwa uzee au kwa radi, lazima apimwe, na kipimo ni cha shina la ubongo na tezi za kooni. Kwetu kichwa ni supu. Hapa kila dume tunalochinja, kichwa chake kinaingia kwenye pipa la plastiki pamoja na hereni zake, kinapelekwa kwa daktari, na sisi tunangoja. Nyama inakaa kwenye friza, haiuzwi. Siku hizo za kungoja silali vizuri. Majibu yakija kwamba haukuonekana, ndipo nawapigia wateja. Yakija vinginevyo, kundi lote linaweza kuuawa, na ardhi itabaki na uzio wake mtupu miaka kadhaa.

Kwa hiyo nikisema maisha yangu yalibadilika, sizungumzii utajiri. Bado nafanya zamu za usiku. Elki hayumo kwenye orodha ya wanyama ambao serikali kuu inawakagua machinjioni kwa gharama yake, hivyo nikitaka muhuri wa mkaguzi nalipa mwenyewe kwa saa. Nyama yake haina mafuta mengi, ukiichoma kama mbuzi inakauka midomoni, na nimewafundisha wateja wangu wa Pwani kuipika taratibu na nazi. Wasomali wanaipenda kwa wali. Wakurya wenzangu hawasikii, wanachoma tu. Pembe zilizoanguka wananunua wenye mbwa, mbwa watafune. Ndiyo, kuna Mmarekani anayelipa dola kwa mfupa wa mbwa wake kuchezea, na mimi namshukuru, hela hiyo inanunua marobota ya nyasi za Februari.

Kilichobadilika ni kingine. Kwetu mtoto wa kike hakuhesabiwa kwenye zizi ila siku ya mahari, akihesabiwa kwa ng'ombe wanaoingia. Daftari la huku lina jina langu juu ya ukurasa. Na ule woga wa utotoni, wa kunyamaza gari likipita, umeniisha. Sikuupoteza kwa sababu bwana nyama wa huku ni mpole. Yupo mmoja alikuwa mkali kweli. Umeisha kwa sababu najua anachokuja kutafuta, na mimi ndiye nitakayekiona kwanza.

Walioko Tanzania wananiuliza kama naweza kuwatumia elki wawili. Siwezi, na nikiweza sitafanya, nimeshaeleza kwa nini. Ila swala, nyumbu na mbuni wa kwetu wapo, na mlango ambao mjomba hakuukuta sasa upo pia: Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ndiyo inayosimamia leseni za mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori, na mabucha ya nyamapori yenye leseni sasa yanaruhusiwa. Nendeni huko kwanza mkaulize masharti, mpate karatasi mkononi. Kisha mpige hesabu ya uzio, mkiwa na daktari wa mifugo. Mnyama mnunue mwisho.

Na mlioko Marekani, kila jimbo lina sheria yake na zinabadilika. Msinipigie mimi, pigieni ofisi ya jimbo lenu kabla hamjanunua hata nguzo moja.